Sura ya Sita: Shukrani Hutolewa kwa Miguu

Mahubiri yamekwisha, matangazo yamesomwa, padri amekaa kitini. Kanisa linatulia kidogo. Kisha mlangoni, nyuma kabisa ya mabenchi, chuma kinalia: kengele mbili zilizoungana shikioni, moja ya sauti ya juu na moja ya sauti ya chini, zinagongwa kwa kijiti. Bwana na bibi harusi wa jana wanaingia wakicheza. Ukoo mzima unawafuata: wazee waliovaa isiagu, yale mashati yenye vichwa vya simba, akina mama wenye sare ya kitambaa kimoja, vijana waliobeba viazi vikuu begani, kreti za soda na magunia ya mchele, na mtu anayemvuta mbuzi. Toka mlangoni hadi madhabahuni si mbali, lakini wanapiga hatua mbili mbele, moja nyuma, wanazunguka, wanainama, wanaanza upya. Hakuna anayewaharakisha. Padri mwenyewe anapiga makofi.

Hii ni Jumapili ya shukrani, na kwa familia nyingi za Kikristo katika majimbo matano ya Waigbo kusini-mashariki mwa Nigeria (Abia, Anambra, Ebonyi, Enugu na Imo), harusi isiyofika hapa ni kama haijamalizika. Kabla yake bi harusi alipita katikati ya umati akiwa na kikombe cha mvinyo wa mchikichi, akimtafuta mwanamume wake ili amnyweshe mbele ya watu; hiyo ndiyo igba nkwu, ndoa ya kimila. Jumamosi wakafunga ndoa kanisani. Jumapili wamerudi kusema asante, na wanaisema kwa miguu.

Muziki unaowachezesha hapo ndio unaowachezesha watu usiku katika kumbi za Owerri na Lagos, na kwenye sherehe za Waigbo wa Houston na London. Gitaa ni lilelile, chuma ni kilekile, mara nyingi hata waimbaji ni walewale. Mgeni anayeusikia kwa mara ya kwanza hujiuliza kama ni muziki wa bia au wa kanisa. Nimeusikiliza kwa miaka mingi, na nimefikia kuamini kwamba swali hilo lililetwa na wageni tangu mwanzo; wenye muziki hawakuwa nalo.

Kiigbo kina neno egwu. Egwu ni wimbo, egwu ni dansi, egwu ni mchezo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi: kwetu ngoma ni kitu kilichowambwa ngozi, ni kile kinachochezwa, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu uwanjani. Ila Kiigbo kina jambo ambalo sisi hatuna. Ukilitamka egwu kwa toni nyingine, unapata neno jingine kabisa, nalo maana yake ni hofu.

Na asante je? Namna mojawapo ya kuisema ni imeela, yaani, neno kwa neno, "umetenda". Pambio la Imela lililovumishwa na Nathaniel Bassey, ambaye kwao ni Akwa Ibom wala si Mwigbo, limeifikisha sauti hiyo hadi makanisa ya Nairobi na Dar es Salaam, na wengi wanaolitamka neno hilo huko hawajui kwamba wanatoa taarifa. Kwa maana asante ya Kiigbo ni taarifa: inasema kwamba kuna jambo limefanyika na aliyelifanya anajulikana. Neno jingine ni ekele, ambalo ni shukrani na pia ni salamu. Huwezi kumsalimu mtu ukiwa umejifungia chumbani peke yako, na shukrani nayo hudai watu waliopo waione.

Desturi hiyo huanza kabla hata bendi haijafika. Mgeni akiingia nyumbani huletewa mbegu ya kola. Mzee huishika mkononi na kuiombea: anashukuru kwa kuamka salama, kwa safari, kwa watoto, anaomba uhai kwa wenyeji na kwa mgeni, na kila mstari unapoisha waliokaa wanaitikia kwa pamoja, "Ise!" Waigbo husema kola haielewi Kiingereza, kwa hiyo dua hii huombwa kwa Kiigbo hata sebuleni kwa profesa. Sasa msikilize kiongozi wa bendi ya Kiigbo saa nne za usiku. Anatoa mstari, wenzake wanaitikia. Anashukuru, anataja jina, anatoa baraka, wanaitikia tena. Mpangilio ni wa dua ya kola. Kilichoongezwa ni gitaa na kipaza sauti.

Anayeshukuriwa ni Chi. Kila mtu, katika fikra za kale za Waigbo, huzaliwa na Chi wake, nguvu ya kiungu iliyompa fungu lake la maisha na inayotembea naye hadi kufa. Juu ya wote yuko Chukwu, jina ambalo wengi hulieleza kuwa ni Chi aliye mkuu. Wakristo walipokuja walilichukua jina hilo wakampa Mungu wa Biblia, na hapo ndipo unaona kwa nini ushirika wa kanisa na sherehe haukuwa mgumu kwa watu hawa: Mungu waliyemkuta kitabuni aliitwa kwa jina la yule waliyekuwa wakimshukuru.

Mahali ambapo shukrani hii inaonekana wazi kuliko pote ni kwenye majina ya watu. Chukwuemeka, Mungu ametenda makuu. Kelechi na Kenechukwu, mshukuru Mungu. Kele na kene hutofautiana kwa lahaja tu. Ekenedilichukwu, shukrani zimwendee Mungu. Chinyere, Mungu ndiye aliyetoa. Sisi tunao akina Shukuru, Neema na Baraka, lakini majina ya Kiigbo mara nyingi ni sentensi kamili, zenye mtenda na kitendo. Mama anapoita watoto waje kula, ni kama anasoma orodha ya mambo aliyotendewa. Hata walioficha majina yao nyuma ya majina ya jukwaani hawakuyakimbia. Flavour, nyota mkubwa wa dansi ya Kiigbo wa leo, ni Chinedu Okoli, na Chinedu ni "Mungu anaongoza". Rapa Phyno ni Chibuzor, "Mungu hutangulia". Sinach, mzaliwa wa Jimbo la Ebonyi ambaye wimbo wake Way Maker wa mwaka 2015 umetafsiriwa kwa lugha nyingi na kuimbwa hata na kwaya zetu, amekata tu jina lake la Osinachi, "itokayo kwa Mungu".

Basi kama mambo yalikuwa yameshikana hivi, nani aliyatenganisha?

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo Onitsha, kando ya Mto Niger, mwaka 1857. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu wakawasili mwaka 1885. Wengi wao walizisikia ngoma na kengele za chuma wakaona ibada ya mizimu, na waliobatizwa wakaambiwa waziache nje. Badala yake wakapewa tenzi za Ulaya, maneno yametafsiriwa, tuni imebaki ileile.

Tatizo lilikuwa kubwa kuliko ladha. Kiigbo ni lugha ya toni. Herufi nne, akwa, zikitamkwa kwa toni moja ni kilio, kwa nyingine ni nguo, kwa nyingine ni yai, kwa nyingine ni kitanda. Sisi tuna barabara, ambayo mkazo ukihama inaacha kuwa njia ya magari na kuwa "sawasawa". Hebu wazia lugha ambayo hatari hiyo iko katika maneno mengi ya kila siku. Sasa chukua tuni iliyotungwa Uingereza, inayopanda pale inapotaka kupanda, uipakie maneno ya Kiigbo. Neno linalotaka kushuka linavutwa juu. Aliyekusudia kuimba jambo moja anaimba jingine, au anatoa sauti zisizo na maana yoyote. Kwa vizazi kadhaa watu walimsifu Mungu hivyo, kwa imani ya kweli, wamesimama wima, mikono imeshika kitabu. Shukrani ilinyimwa toni zake, ikanyimwa na miguu. Ninapofikiri juu ya waumini wale huwa nawaonea uchungu zaidi kuliko wale waliobaki nje na ngoma zao.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuliponya jeraha hilo alikuwa mgonjwa. Ikoli Harcourt Whyte alizaliwa mwaka 1905 Abonnema, katika nchi ya Wakalabari, watu wa mito na mikoko. Kiigbo hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Ukoma ulimpata akiwa kijana. Katika miaka ya 1930 alifika kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Wamethodisti huko Uzuakoli, na huko, pamoja na watu ambao vidole vyao vilikuwa vikipotea na ambao ndugu zao walikuwa wamewafukuza, akaunda kwaya. Alitunga mamia ya nyimbo kwa Kiigbo, na alizitunga kwa kulisikiliza neno kwanza: linapopanda, tuni inapanda nalo, linaposhuka, inashuka. Nyimbo hizo zilitoka nje ya uzio wa Uzuakoli zikaenda mahali ambapo watunzi na waimbaji wake wasingekaribishwa. Watu ambao wasingethubutu kuwapa mkono walijifunza kusali kwa sauti zao. Baadaye alipona, lakini hakuuacha muziki wala wagonjwa. Alifariki mwaka 1977, na hadi leo kwaya za Waigbo, za madhehebu yote, zinaimba kazi zake.

Nyimbo za Whyte si za kucheza. Ni nzito, ni za kwaya ya sauti nne, na nyingi zina machozi ndani. Nazitaja kwa sababu yeye alithibitisha jambo ambalo wapigaji wa dansi walilihitaji baadaye: kwamba Mungu anaweza kushukuriwa kwa Kiigbo kinachosikika kama Kiigbo. Miguu ilirudi kwa njia nyingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kati ya 1962 na 1965, uliwafungulia Wakatoliki mlango wa lugha za nyumbani katika Misa, na kwa mlango huohuo vikaingia ekwe, lile gogo lililochongwa uwazi. Udu, mtungi wa udongo wenye tundu ubavuni. Na ogene yenyewe, zile kengele mbili za chuma zilizoungana. Vilivyokuwa vimeachwa nje sasa viliketi karibu na madhabahu.

Kisha vita.

Eneo la mashariki mwa Nigeria, nchi ya Waigbo, lilijitangazia uhuru kwa jina la Biafra Mei 30, 1967. Mapigano yalianza Julai na kukoma Januari 1970. Makadirio mengi ya waliokufa hutaja milioni moja au zaidi, na njaa iliua kuliko risasi. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968. Vita vilipokwisha, serikali ya Nigeria iliamua kwamba waliokuwa na akiba katika benki za Biafra walipwe pauni 20 kila mmoja, hata kama kilichokuwamo kilikuwa maelfu. Watu walirudi kwa miguu kwenye miji iliyobomolewa, wakitafuta nani yupo na nani hayupo. Na wakaanza kusalimiana kwa salamu mpya: walipongezana kwa kunusurika, kama watu wanavyopongezana siku ya sikukuu. Mwandishi Chinua Achebe aliihifadhi salamu hiyo katika hadithi fupi aliyoiandika mara baada ya vita, na tangu nilipoisoma sijaweza kusikiliza dansi ya Kiigbo kwa namna niliyoisikiliza kabla.

Maana angalia kilichofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Onitsha, Aba na Owerri, miji yenye mashimo ya mabomu, ikawa miji ya bendi. Hailaifu, muziki wa dansi uliokuwa umetoka Ghana katika miaka ya 1950 na tarumbeta zake za ukumbini, ilibadilika mikononi mwa watu hawa. Tarumbeta zikapungua, magitaa yakasogea mbele. Oriental Brothers, bendi ya ndugu wa ukoo wa Opara pamoja na mwimbaji aliyeitwa Warrior, ilipiga nyimbo ndefu zinazozunguka na kuzunguka, na katika kuzunguka huko mlikuwa na methali, maombolezo, na shukrani ya mtu aliyeamka akajikuta hai. Huko Owerri mtindo huo ulikuja kuitwa bongo, jina ambalo Mtanzania hawezi kulipita bila kugeuka. Watu walicheza. Walikuwa wamezika watoto bila majeneza, na walicheza. Egwu na egwu, ngoma na hofu, zilikuwa zimekaa katika mwili mmoja, na ngoma ikapewa nafasi ya kusema.

Hapa Afrika ya Kati nayo ina mkono wake. Santuri za Kongo zilikuwa zimeshaenea Nigeria, na wapiga gitaa Wakongo pia. Oliver De Coque, aliyekuja kuuita muziki wake kwa jina la ogene, alifundishwa gitaa na Mkongo aliyekuwa akiishi Nigeria, na ukimsikiliza anapoliacha shairi na kuliachia gitaa la solo lizungumze, utalitambua sebene mara moja. Prince Nico Mbarga alizaliwa Abakaliki, mama Mnigeria na baba Mkameruni. Bendi yake ya Rocafil Jazz ilipiga Onitsha, na gitaa lake nalo lina Kinshasa ndani. Kampuni za santuri zilimkatalia wimbo wake Sweet Mother. Rogers All Stars ya Onitsha ikautoa mwaka 1976, na inasemekana umeuza nakala zaidi ya milioni 13. Mwaka 2004 wasomaji wa BBC waliuchagua kuwa wimbo wa Afrika wanaoupenda kuliko zote. Umeimbwa kwa Pijini, lakini kiini chake ni cha nyumbani: mtu mzima amesimama hadharani anataja, kitu kimoja baada ya kingine, alichotendewa na mama yake. Ni imeela yenye gitaa, na bara zima liliielewa bila mkalimani. Chief Stephen Osita Osadebe naye, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki 2007, aliushusha mwendo wa hailaifu hadi ukawa kama mazungumzo ya wazee baada ya chakula. Osondi Owendi yake ya mwaka 1984 bado inafungua sherehe nyingi.

Lakini chombo kilichoushika muziki wa leo ni kile chuma cha mlangoni.

Ogene hutengenezwa na wahunzi, na mji wa Awka ulijulikana mbali kwa wahunzi wake waliosafiri kutoka nchi hadi nchi. Kazi yake ya kwanza haikuwa burudani. Mpiga mbiu wa kijiji huigonga jioni akipita njiani kuita mkutano au kutangaza msiba, na kama la mgambo kwetu, ikilia kuna jambo. Kengele zake mbili, ya juu na ya chini, zinaifuata lugha yenyewe, na mpigaji hodari huweza kutamka kwa chuma sentensi ambayo wasikilizaji wanaielewa. Vivyo hivyo oja, filimbi fupi ya mti: mpulizaji humwita mtu kwa jina lake na sifa zake bila kufungua mdomo kusema, na aliyeitwa huinuka. Kikundi cha ogene kina kengele za ukubwa mbalimbali, manyanga, mpuliza oja, kiongozi mwenye kipaza sauti na waitikiaji. Hakihitaji umeme, kinaweza kutembea na msafara, na sauti yake inafika mbali. Ndiyo maana kinafaa kwa harusi, kwa mazishi na kwa ule mwendo wa kwenda madhabahuni.

Kwa muda, vijana wa mjini waliona chuma hiki ni cha wazee. Waliokirudisha ni kizazi cha Flavour. Alikulia Enugu, na akiwa mtoto alipiga ngoma kanisani. Ukijua hilo unaelewa kwa nini nyimbo zake za mapenzi zina mwendo wa maandamano ya sadaka. Wimbo uliompa jina, Nwa Baby, ni tafsiri mpya ya Sawale ya Rex Lawson, mwimbaji wa hailaifu wa zamani, wala hauna utakatifu wowote. Umejaa kiuno na matani. Mwanamume huyohuyo alisimama na Semah Weifur, kijana asiyeona kutoka Liberia, wakaimba Most High, wimbo wa kumtukuza Mungu. Huyohuyo alimshika mkono Diamond Platnumz mwaka 2015 katika Nana, ambayo Watanzania waliicheza bila kujiuliza ule ulaini wa sauti ya pili umelelewa wapi. Rapa Zoro alimshirikisha mwaka 2016 katika wimbo ulioitwa Ogene tu, na mwaka huohuo Phyno, pamoja na Myoruba Olamide, akatoa Fada Fada, ambao jina lake la pili linautangaza kuwa injili ya mitaa ya watu maskini. Ulipigwa baa na ulipigwa misani. Umu Obiligbo, ndugu wawili kutoka Anambra, waliichukua ekpili, uimbaji wa methali na nasaba unaopendwa na wazee, wakauweka mbele ya vijana bila kuupunguzia uzito.

Aliyefika mbali zaidi katika njia hii, kwa maoni yangu, ni Kcee. Alikuwa ameshapata yote ambayo dansi ya mjini inaweza kumpa mtu. Limpopo yake ya mwaka 2013 ilichezwa kila kona. Kisha, kati ya 2020 na 2021, wakati corona ilipokuwa imewafungia watu ndani na mazishi yakifanywa na watu wachache, akatoka na kikundi cha ogene cha Okwesili Eze wakarekodi Cultural Praise. Walichokifanya ni rahisi kukieleza: walichukua mapambio ambayo kila Mkristo Mwigbo anayajua tangu utotoni, wakayaunganisha bila kituo, moja likizaa jingine, juu ya chuma na oja. Hakuna mahubiri. Ni kushukuru tu, kwa mwendo ambao huwezi kuusikiliza umekaa. Nchi nzima iliufuata, hata wasiojua neno moja la Kiigbo. Mwaka 2023 akaichukua oja ileile akaipandisha juu ya amapiano ya Afrika Kusini, akaita Ojapiano. Wako waliolalamika kwamba anacheza na vitu vya kimila. Mimi ninapoisikia naisikia filimbi ikiwaita kwa majina watu ambao hawakujua kama wana majina.

Liko jambo linalonisumbua katika muziki huu, na nisingependa kulificha.

Shukrani ya Kiigbo hutaja majina, na majina yanayotajwa sana ni ya wenye fedha. Osadebe na Oliver De Coque waliimba sifa za matajiri wa chama cha People's Club, na bendi za leo zinaweza kumaliza nusu saa zikiwataja wafanyabiashara, wake zao, vijiji vyao na magari yao, jina la Mungu likipita katikati kama uzi. Wanaotajwa huja mbele kumwaga noti juu ya mwimbaji. Aliyewahi kukaa kwenye taarab Mombasa au Unguja akaona watu wakitunza anaijua hali hiyo, ila kule noti hunyesha. Sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya mwaka 2007 inakataza kuitupa na kuikanyaga naira, na mwaka 2024 baadhi ya watu maarufu walifikishwa mahakamani kwa kosa hilo.

Sioni ubaya katika kumtaja mtu. Methali yao inasema shujaa akisifiwa kwa alichofanya hufanya tena, na shule na zahanati nyingi za vijijini zimejengwa na watu waliotaka kutajwa vizuri Desemba, wakati Waigbo kutoka kila pembe wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Wala uhusiano wa mafanikio na shukrani haukuletwa na wahubiri wa siku hizi. Zamani mwanamume alikuwa na Ikenga, sanamu yenye pembe iliyowakilisha nguvu ya mkono wake wa kulia. Alipofanikiwa aliipa sadaka, na ikishindwa kazi, ilipasuliwa kuni.

Lakini siku hizi yako majina ambayo hakuna kijijini ajuaye fedha zake zimetoka wapi. Hofu ya uganga wa utajiri, ule wanaouita oke ite, imekuwa kubwa kiasi kwamba mwanzoni mwa 2025 Jimbo la Anambra lilitunga sheria ya usalama iliyowalenga pia waganga wanaouza dawa hizo kwa vijana. Mwimbaji anapoliweka jina la mtu wa namna hiyo karibu na jina la Chukwu, mbele ya wavulana wasio na kazi, Mungu anatumiwa kama sabuni. Hilo haliwezi kutetewa kwa kusema ni utamaduni. Utamaduni wenyewe ulidai ushahidi: ile imeela husema "umetenda", na kama hakuna anayeweza kukitaja kilichotendwa, basi hakuna kilichosemwa. Wapo waimbaji wanaokataa kuimba majina wasiyoyajua. Hawatajiriki haraka, na mimi ndio ninaowasikiliza.

Ukitaka kuuona muziki huu kabla haujafikiwa na fedha wala kipaza sauti, nenda mahali mtoto alipozaliwa. Mama wa mzazi ameshafika kwa omugwo, ile miezi ya kumtunza binti yake na mjukuu, kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia supu ya pilipili. Habari inatoka nyumba hadi nyumba. Akina mama wanakusanyika uani, hakuna aliyealikwa, na mmoja anaanzisha wimbo wa uzazi. Makofi, vigelegele, viuno vya wanawake wenye umri wa miaka sabini. Kopo la poda linapita mkono kwa mkono, na kila aliyefika anapakwa nyeupe usoni na shingoni. Zamani ilikuwa chokaa, nzu, leo ni poda ya dukani.

Ndani, mtoto ameshapewa jina la Somtochukwu. Ni jina linaloomba mwenzi, kwa maana linasema, "ungana nami kumsifu Mungu". Nje, mwanamke mmoja anaondoka kwenda sokoni, poda yake shingoni bado haijafutika. Njiani anakutana na jirani ambaye hajasikia habari. Jirani anaitazama ile shingo, anatua kapu lake chini, na anaanza kucheza kabla hajauliza ni wa kike au wa kiume.